Mkaja Haufungwi Baridi

Mkaja haufungwi baridi. Hilo Bi Mwatum alifundishwa na bibi yake kabla hata hajajua kusoma, na katika miaka ishirini na sita ya ukandaji hakuwahi kulivunja. Kitambaa cha kumfunga mzazi tumbo, kwanza unajifunga wewe mkandaji, chini ya kanga, ngozi kwa ngozi, kikae mpaka kipate joto la mtu. Ndipo unakifungua na kumfunga mwenyewe. Tumbo lililotoka kuzaa, bibi alikuwa akisema, limezoea kuwa na mtu ndani. Ukilitia kitu cha baridi linashtuka, linajua limeachwa peke yake.

Basi ndivyo alivyofanya kwa Zuwena, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Siku hiyo ya kwanza Zuwena aliletwa nyumbani kwake saa tatu asubuhi, ana saa tano tu tangu ajifungue. Ndiyo sheria mpya. Zamani hospitali ilikaa na wazazi siku mbili, manesi ndio waliofunga mkaja wa pumzi, na kila kitu kilikwisha hukohuko. Mwaka huu vitanda vimekuwa haba. Mzazi anapewa mtoto, anapewa susu la kumlazia, anapewa mkaja kwenye pakiti inayong'aa, anaambiwa nenda salama. Wakandaji wa Tanga nzima waliitwa semina ya nusu siku, na Bi Mwatum alikwenda. Alikaa nyuma karibu na feni, akasinzia mara mbili, lakini lile la muhimu alilisikia: mkaja usivaliwe na mtu mwingine yeyote. Yeye akaelewa mashoga, mawifi, majirani wenye mikono mirefu. Yeye si mtu mwingine. Yeye ni mkandaji.

"Shikamoo, Bi Mwatum," Zuwena alisema pale mlangoni, kashika ukuta.

"Marahaba mwanangu, hongera, hongera sana. Ingia ndani, jua hilo lisije likakupiga."

Jua lenyewe halikuwapo. Mtaa mzima ulikuwa chini ya paa kuu, yale maturubai ya kivuli yaliyotandazwa juu ya mji tangu joto liliposhindikana, na Zuwena mwenyewe alikuwa fundi wa kuyapanda na kuyaosha. Mama yake alikwishafariki. Mbwana, mumewe, alikuwa kwenye kuta za bahari kule Kipumbwi, zamu ya miezi mitatu isiyo na ruhusa. Kwa hiyo mwenye kumpokea alikuwa huyu mwanamke wa miaka hamsini na minne, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuamrisha na mikono laini kuliko sauti yake.

Bi Mwatum alimlaza mtoto kwenye susu, akachana pakiti, akautoa mkaja. Ulikuwa mwepesi, umefumwa kwa nyuzi zinazosikia moyo na pumzi ya aliyeuvaa. Ulikuwa wa baridi kama samaki wa barafu. Akaufunga tumboni kwake, akashusha kanga, akaenda kuchemsha maji.

"Vua hilo gauni."

"Bi Mwatum, naona haya."

"Haya za nini leo? Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa. Vua."

Zuwena alicheka, akavua, akakandwa. Taulo la maji moto mgongoni, kiunoni, tumbo likisukumwa taratibu kwa viganja, na yeye akiguna, "Hapo, hapo hapo, Mungu akupe." Ghafla midomo ikawa myeupe na macho yakageuka. Damu ilikuwa nyingi kuliko ilivyotakiwa. Bi Mwatum hakupiga kelele. Alimlaza, akamwinua miguu, akamsugua tumbo mpaka kizazi kikakaza kama limau bichi, akamnywesha uji wa pilipili manga kijiko kwa kijiko, akambadilisha kanga mbili, akafua, akamrudisha mtoto ziwani alipolia. Alipokumbuka mkaja ulikuwa wakati wa alasiri. Ulikuwa na joto zuri la mwilini.

Akamfunga Zuwena. Pale kwenye fundo kijitaa cha kijani kilikuwa kimekwishawaka.

"Umekubali mara moja!" Bi Mwatum akasema. "Ala! Una moyo wenye nguvu wewe."

Wote wawili walifurahi.

Mtu wa zamani angeuliza kijitaa cha nini. Tangu ile homa ipite miaka thelathini iliyopita, watoto wanazaliwa wazima, wazuri, wanalia na kunyonya, ila wakilala wanasahau kupumua. Hawasongwi, hawaumwi. Wanasahau tu. Dawa haikupatikana, ila iligunduliwa kwamba mtoto akisikizishwa mapigo na pumzi za mtu mmoja, hizohizo, kila alalapo, mwili wake unazifuata. Mkaja unashika mwendo wa mama kwa saa tatu za kwanza tangu uvaliwe, kisha unaupeleka kwenye susu, na susu linampumulia mtoto mwendo ule siku thelathini. Baada ya hapo susu linarudishwa, na mtoto hulala kifuani kwa mama yake, usiku na mchana, mpaka atimize miaka mitatu, mwili utakapojua wenyewe. Mwanzoni mkaja uliruhusu kubadilishana. Mashangazi wakasaidiana zamu. Watoto wakapokea mapigo mawili matatu, wakachanganyikiwa, wakafa. Ndipo mafundi wakaufunga: tumbo la kwanza ndilo hilo hilo.

Bi Mwatum alikuwa na binti yake, Shani, wakati homa ndiyo kwanza imepita na hakuna aliyejua lolote. Siku ya ishirini na moja alimlaza kitandani akaenda kuepua sufuria. Aliporudi, Shani alikuwa amelala vilevile, mkono shavuni. Hakulia wala kutupa mguu. Watu walikuja wakamwambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wakala wali, wakaondoka. Hakuzaa tena. Alijifunza kukanda wazazi wa watu.

*

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, mafundi walikuwa wanaosha paa kuu na umeme wa mtaa ukakatwa kwa saa moja. Tangazo lilikuwa limetolewa: mwenye mtoto wa susu amlaze kifuani. Zuwena akamlaza Tunu, maana saba ilikwishapita na jina alikwishapewa, na kwa uchovu wa kunyonyesha naye akapitiwa na usingizi.

Bi Mwatum alikuwa sakafuni anakunja nepi. Aliinua macho kwa bahati tu. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya zambarau.

Alimnyakua. Akambana kifuani, juu ya titi lake la kushoto, tayari kumpiga mgongo, tayari kupiga mayowe. Hakukuwa na haja. Mtoto alivuta pumzi moja ndefu, akaishusha, akavuta nyingine. Midomo ikarudi kuwa ya waridi. Pumzi yake ilikwenda na ya Bi Mwatum sambamba, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja.

Akakaa hapo chini amemshika, jasho linamtoka. Akamrudisha kwa mama yake pole pole, mkono wake ukiwa tayari. Akahesabu. Moja, mbili, tatu, pumzi ikalegea, ikakatika. Akamchukua, ikarudi. Akajaribu tena, mara ya tatu, na Mungu amsamehe kwa mara ile ya tatu, kwa sababu hapo alikuwa anajua tayari.

Akakumbuka mkaja, na uji, na damu, na ile alasiri.

Semina aliisikia pia upande huu: kosa likitokea, hospitali inaweza kuufungua mkaja na kuanza upya, mradi siku ya kumi na nne haijapita. Baada ya hapo mwili wa mtoto umeshashika na ukigusa unaua. Siku tano zilikuwa zimebaki. Alitakiwa avae baibui, aende, aseme: nimekosea. Wangemfutia kibali cha ukandaji. Basi, kibali ni nini?

Lakini mtoto alikuwa kifuani kwake, na alikuwa anapumua kwa ajili yake yeye. Miaka thelathini Bi Mwatum alikuwa ameamka kila siku akiamini kwamba mtoto akiachwa naye husahau. Huyu hakusahau.

Nitasema kesho, akajiambia. Zuwena bado ana damu kidogo, nitasema apate nguvu. Ikawa kesho, na keshokutwa. Siku ya kumi na nne alisafisha nyumba nzima mpaka nyuma ya makabati, akasugua masufuria yaliyokwisha kung'aa, na jua la nje ya paa likazama, na hakusema.

*

Siku ya thelathini alikuja Bwana Kijazi, mkaguzi wa pumzi, Msambaa mpole mwenye begi la plastiki. Aliwaamkia, akanywa maji, akamsifu mtoto huku akisema mashallah ili asilaumiwe. Kisha akalizima susu.

"Sasa mama, mlaze kifuani. Utulie tu. Ni dakika mbili."

Alimfunga Tunu kidude cha kupimia kidoleni mwa mguu. Zuwena alikuwa amevaa gauni jipya la kijani na amesuka. Ilikuwa siku yake ya kukabidhiwa mwanawe. Bi Mwatum alisimama karibu na mlango wa jikoni.

Mtoto akasinzia. Kidude kikaanza kulia.

"Mbona hivyo?" Zuwena aliuliza. "Bwana Kijazi, mbona kinalia hivyo?"

Kijazi alimsogeza mtoto juu, akamsogeza kushoto. Kidude kililia kwa nguvu zaidi. "Nani mwingine aliuvaa mkaja?" akauliza haraka, "Nani? Semeni!"

Bi Mwatum alikuwa amekwishafika. Hakuna aliyemwita. Alimtwaa mtoto kutoka kwenye mikono ya mama yake, akamweka mahali pake, na kidude kikanyamaza.

Zuwena alitazama mikono yake mitupu, halafu akamtazama Bi Mwatum, halafu mikono tena.

Bi Mwatum akaeleza habari ya kupasha mkaja. Sauti yake ilikuwa ndogo, haikufanana naye. Kijazi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Mama yangu naye alikuwa akifanya hivyo," akasema. "Kule kwetu milimani. Waliotunga semina hawakulifikiria hilo." Akatoa fomu. "Sasa mama zangu, nisikilizeni. Haibadiliki tena. Huyu mtoto, akilala, alale kifuani kwa Bi Mwatum, mpaka atimize miaka mitatu. Sheria inamtambua yeye kama mwenye pumzi. Anaweza kumchukua akaishi naye kwake, au akahamia hapa. Mtapatana wenyewe." Akaandika kidogo, akainua kalamu. "Swali moja tu la fomu. Bi Mwatum, kabla ya siku ya kumi na nne hukuona dalili yoyote?"

Alijua kwa nini anaulizwa. Jibu moja lilikuwa bahati mbaya, na la pili lilikuwa jambo jingine kabisa.

"Sikuona," akasema.

Kijazi akaandika, akawapa pole, akabeba susu begani na mkaja ndani ya begi, akaenda zake.

Bi Mwatum alingoja kulaaniwa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Zuwena akaja akapiga magoti mbele ya kiti, akaweka kichwa kwenye paja lake, kando ya miguu ya mtoto, akalia. Alilia kwa muda mrefu bila kujizuia, mabega yakimtikisika. Kisha akaushika mkono wa Bi Mwatum akaubusu.

"Usilie, mama," akasema Zuwena, yeye ndiye anayemwambia mwenziwe asilie. "Hukujua. Ulikuwa unahangaika na roho yangu mimi. Ningekufa siku ile, unadhani sijui? Bora ni wewe. Wallahi, bora ni wewe kuliko mtu mwingine yeyote. Utahamia hapa, tutamlea wote. Mimi sina mama. Nitasema Mungu amenipa."

Bi Mwatum alitazama zile nywele zilizosukwa vizuri kwa ajili ya leo. Angeweza kunyamaza. Fomu imekwisha andikwa, Kijazi amekwenda, hakuna shahidi ila mtoto asiyesema. Mbele yake kulikuwa na miaka mitatu ndani ya nyumba hii, ya kuitwa mama. Alikuwa amelitaka jambo hilo maisha yake yote. Kila siku ya miaka hiyo mitatu huyu binti angembusu mkono uleule.

"Niliona," akasema.

"Uliona nini?"

"Siku umeme ulipokatika. Nilimwona anaacha kupumua kwako, nikamchukua, akapumua. Nikajua. Nilitaka kusema, Zuwena. Kila siku nilitaka kusema. Sikusema kwa sababu alikuwa..." Akamtazama mtoto kifuani. "Mwanangu mimi alikufa akiwa na siku ishirini na moja. Huyu alikuwa anapumua."

Zuwena alikaa kitako sakafuni. Hakuinua sauti.

"Umeme ulikatika siku ya ngapi?"

"Ya tisa."

Zuwena akanyoosha vidole vya mkono wa kushoto, akaanza kuvikunja kimoja kimoja.

"Siku ya kumi ulinipikia supu ya kichwa cha mbuzi. Ukanichekesha na habari za yule mzazi wa Makorora mpaka nikashika tumbo. Ya kumi na moja ulinikanda mara mbili, ukasema mgongo wangu una mawe. Ya kumi na mbili nilikuuliza mbona unalia, ukasema vitunguu." Alisita, akakunja kidole cha nne. "Ya kumi na tatu nililala mchana kutwa, ulikataa wageni wote mlangoni. Nikasema moyoni, huyu ananipenda."

Kidole cha mwisho, kile kidogo, kilibaki kimesimama.

"Ya kumi na nne ulisafisha nyumba," akasema. "Nilikuambia pumzika, utaumia."

"Zuwena, mwanangu..."

"Mkaja nimeshakusamehe, Bi Mwatum. Nimekusamehe sasa hivi hapa, umesikia. Ule ni mkono wa kheri uliokosea njia." Alikikunja kile kidole. "Hizi tano sijui nizipeleke wapi."

*

Asubuhi ya siku ya thelathini na moja Bi Mwatum aliteleka maji kama kawaida. Alikuwa amelala chumbani kwa Zuwena, kwenye godoro la chini, na Tunu kifuani, na kila alipofumbua macho alimwona mwenzake ameketi kitandani akiwatazama. Mtoto alipolia njaa Zuwena alishuka, akamchukua, akamnyonyesha amegeukia ukutani. Alipoanza kusinzia ziwani, alimrudisha.

Arobaini ilikuwa bado siku tisa. Tumbo la Zuwena lilikuwa bado linataka kufungwa, na mkaja wa pumzi ulikwisha ondoka na Kijazi. Kwenye sanduku ulikuwapo ule mwingine, mkaja wa bafta wa marehemu mama yake, uliopigwa pasi na kutiwa udi tangu mimba ina miezi saba. Walikuwa wamepanga wautumie baada ya susu kuondoka.

Bi Mwatum aliutoa. Bafta ilikuwa imekaa sandukuni miezi, na ilikuwa ya baridi. Mikono yake, ya miaka ishirini na sita, ilifanya inachokijua. Aliinua kanga, akauzungusha mkaja kiunoni kwake, akaanza kupiga fundo.

"Vua," Zuwena akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mkononi, tumbo limelegea chini ya gauni. Hakuwa na hasira usoni. Bi Mwatum alitamani angekuwa nayo.

"Nilikuwa naupasha tu, mwanangu. Una ubaridi."

"Najua una ubaridi. Lete."

Bi Mwatum akaufungua akampa. Zuwena akamlaza Tunu kitandani, akiwa macho na anapiga miguu hewani, akavua gauni lake bila haya yoyote, akauzungusha ule mkaja tumboni mwenyewe. Kitambaa kilipomgusa ngozi alishtuka, akauma mdomo. Akavuta kwa nguvu, akazungusha tena, vibaya, juu mno, jinsi asivyofunga mtu anayejua. Bi Mwatum aliona ulipokosewa. Vidole vyake vilijikunja, akavificha ndani ya kanga.

Zuwena alipiga fundo. Alisimama kidogo amelishika kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka, akingoja kitambaa kipate joto lake.

Kitandani mtoto alipiga mwayo. Zuwena akapangusa uso kwa kiganja, akamwinua, akambusu utosini, akabaki akimnusa hapo mpaka macho ya mtoto yalipoanza kufumba. Kisha akavuka chumba.

"Chukua," akasema, akitazama pembeni. "Anasinzia."

Bi Mwatum akampokea.